Vitu Visivyotaka Kuagwa

Programu ya Duolingo, ile ya kujifunzia lugha, ina bundi wa kijani anayeitwa Duo. Ukihudhuria kila siku, Duo ni rafiki wa kweli. Ukipotea kidogo anakukumbusha, kwanza kwa uchangamfu, kisha kwa unyonge, mpaka inafika ile arifa iliyompa umaarufu duniani: kwamba vikumbusho hivi havielekei kusaidia, kwa hiyo ataacha kuvituma kwa sasa. Isome tena taratibu. Kwa sasa. Huyo si mwalimu wa lugha. Huyo ni mpenzi uliyeachana naye, anayekuandikia saa saba usiku kukujulisha kwamba hatakuandikia tena.

Niko katika umri ambao wakubwa wangu wanaamini sina cha kulalamikia na wadogo zangu wanaamini nimeshazeeka, kwa hiyo muda wa kulalamika ninao. Malalamiko yenyewe si mageni kwa mtu yeyote mwenye simu. Wimbo unaanza na mtu anayelia. Video ya dakika tisa inaeleza jambo la sekunde kumi. Filamu inakatika katikati na kuniambia nirudi mwakani. Nikitaka kufunga ukurasa, dirisha linanirukia usoni likiniuliza naenda wapi. Ukizitazama moja moja, ni kero za kila aina zisizojuana. Ukiziweka pamoja unagundua ni ukoo mmoja. Kila kinachoyataka macho na masikio yangu kimejaa hofu moja, kwamba nitaondoka, na kila kinachofanya ili kunizuia ndicho kinachonifanya nitafute viatu.

Hofu hiyo ina hesabu zake. Mwaka 1971, kabla hata simu ya kwanza ya mkononi haijapigwa, mwanauchumi Herbert Simon aliandika kwamba habari hula usikivu wa anayezipokea. Zikizidi, kinachoadimika ni usikivu. Kitu kikiadimika, watu huanza kukigombea. Mwaka 2012 YouTube ilibadilisha namna ya kupendekeza video: badala ya kuangalia imebofywa mara ngapi, ikaanza kuangalia imetazamwa kwa muda gani. Nia ilikuwa njema, maana ilitaka kuwabana wale wenye vichwa vya habari vya kusisimua na video tupu ndani yake. Lakini kuanzia hapo kila mwenye kamera alijua dakika zangu ndizo sarafu. Miaka mitano baadaye Reed Hastings, aliyekuwa akiiongoza Netflix, alisema kampuni yake inashindana na usingizi. Watu walilichukulia kama utani. Mimi pia nilicheka, saa nane usiku, nikiwa kwenye sehemu ya nne ya tamthilia ambayo sikuipenda tangu sehemu ya kwanza.

Nianze na muziki, kwa sababu huko hofu imeacha alama unazoweza kuzipima kwa saa ya mkononi. Mtafiti Hubert Léveillé Gauvin, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alizipitia nyimbo zilizofika kumi bora Marekani kati ya 1986 na 2015 na kupima muda ambao vyombo hupiga kabla ya mwimbaji kuingia. Katikati ya miaka ya 1980 wastani ulikuwa zaidi ya sekunde 20. Kufikia 2015 ulikuwa umeshuka hadi kama sekunde tano. Sekunde tano! Hapo hujapata hata nafasi ya kuongeza sauti. Zamani gitaa lilijitambulisha, ngoma ikaja nyuma yake kwa adabu, kinanda kikabisha hodi, na mwimbaji alipofungua kinywa ulikuwa umeshakaa vizuri. Siku hizi ukigusa tu kioo, mtu usiyemjua anaanza kukusimulia alivyotendwa, tena kuanzia kwenye kiitikio.

Sababu haijifichi. Kwenye Spotify wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Ukiuruka katika sekunde ya 29, kwa upande wa hesabu hukuwahi kuusikia, hata kama ulishaanza kutikisa kichwa. Kwa hiyo kila kitu kizuri kinasukumwa mbele, ndani ya nusu dakika ya kwanza, na kinachobaki baada ya hapo ni adabu tu. Tena wimbo wa dakika sita hauhesabiwi mara tatu kwa sababu ni mrefu mara tatu, kwa hiyo anayeandika wa dakika sita anafanya hivyo kwa mapenzi yake na kwa hasara yake. Toleo la awali la "Old Town Road" la Lil Nas X halikufika dakika mbili, na mwaka 2019 wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 19, muda ambao hakuna wimbo uliokuwa umewahi kuufikisha. Sina ugomvi nao. Naujua wote kwa moyo, jambo ambalo si la kujivunia ukizingatia urefu wake.

Sasa angalia maajabu. Hofu ile ile iliyoufupisha wimbo imeirefusha video.

Tafuta video ya kukuonyesha jinsi ya kuzima kitu kimoja kwenye simu. Kitu kimoja, kitufe kimoja. Utaipata, na itakuwa na dakika nane na sekunde kadhaa. Urefu huo haukuja kwa bahati. Zamani YouTube iliruhusu matangazo ya katikati kwenye video zilizofika dakika kumi. Julai 2020 kiwango hicho kilishushwa hadi dakika nane, na ghafla wanadamu wote wakawa na maelezo ya dakika nane kuhusu kila jambo. Kijana anakukaribisha tena kwenye chaneli yake, ingawa ndiyo kwanza mnaonana. Anakuuliza umeshindaje. Anakuomba ujiandikishe na ugonge kengele kabla hajakufanyia jema lolote. Anaeleza simu ni nini. Anaeleza kwa nini mtu angependa kuzima kile kitu, wakati wewe uliyeandika swali hilo kwa hasira ndiye unayejua kuliko yeye. Kufikia dakika ya sita anasema, "Basi bila kupoteza muda." Jibu lina hatua mbili na lilikuwa kwenye maoni ya chini muda wote huo, limeandikwa na mtu mwema asiye na picha.

Upande wa pili wapo wa video fupi, ambao nao wana mbinu yao. Maneno makubwa juu ya picha: SUBIRI UONE MWISHO. Unasubiri. Paka anatembea ukutani. Paka anaendelea kutembea ukutani. Mwisho umeunganishwa na mwanzo kwa ustadi kiasi kwamba unazunguka mara ya pili kabla hujajua umeshamaliza mara ya kwanza, na hakuna kilichomtokea paka. Namshukuru Mungu kwa ajili ya paka, lakini mimi nilikuwa na mambo ya kufanya.

Wimbo unafupishwa kwa kuwa kinachohesabiwa kwake ni mara. Video inarefushwa kwa kuwa kinachohesabiwa kwake ni dakika. Katika yote mawili hakuna aliyeuliza jambo lenyewe linahitaji urefu gani. Ndiyo maana nawaonea huruma wazee wanaosema vijana hatuna uvumilivu. Kijana anayekaa dakika nane akisubiri kuonyeshwa kitufe ana uvumilivu wa kutosha kufundisha wengine.

Filamu nazo zimesahau namna ya kwisha. Kati ya filamu kumi zilizoingiza fedha nyingi zaidi kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2024, tisa zilikuwa mwendelezo wa hadithi tulizokwisha kuzijua. Ya kumi, Wicked, ilitokana na mchezo maarufu wa jukwaani, na hata hiyo ilifika katikati ya kisa ikasimama na kututaka turudi Novemba ya mwaka uliofuata. Mchezo mzima wa jukwaani, pamoja na mapumziko, huchukua muda unaokaribiana na nusu hiyo ya filamu peke yake. Mtindo huu tumeuzoea sasa. Kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilitolewa filamu mbili, 2010 na 2011. Twilight wakaona ni wazo zuri. The Hunger Games nao wakaona ni wazo zuri, na hapo ndipo mimi, niliyekuwa nimeanza kuweka tikiti zangu kama kumbukumbu, nilipoanza kuziangalia kama risiti.

Halafu kuna ile desturi ya kipande cha baada ya majina. Haikuanza na Marvel, ila ni Marvel, kuanzia Iron Man ya 2008, waliotufanya tuwe wanafunzi wa kudumu wa majina. Taa zinawaka, wafagiaji wanaingia, na sisi tumekaa tunasoma nani alikuwa msaidizi wa dereva wa pili, kwa matumaini ya kuona sekunde 30 za mtu akisema sentensi moja yenye utata. Mwaka 2019 ilipotoka Avengers: Endgame, filamu ya dakika 181, waliamua kutoweka kipande hicho. Tulikaa vile vile. Mwishoni kabisa ikasikika sauti ya chuma kikigongwa. Tukaenda nyumbani tukaandika nadharia. Haki itendeke lakini: desturi hii ina jema lake, maana ndiyo sehemu pekee ambapo watu mia tatu waliochora nywele za dubu hupata kusomwa majina. Nyumbani, ukimaliza tamthilia mtandaoni, majina yale yale yanasukumwa kwenye kisanduku kidogo pembeni na sekunde zinaanza kuhesabiwa kurudi nyuma, kwa sababu jambo la kutisha kuliko yote ni wewe kukaa kimya dakika moja ukifikiria ulichokiona. Ukifikiria, unaweza kuamka. Ukiamka, unaweza kwenda kulala.

Tamthilia zenyewe zinang'ang'ania mpaka waigizaji wanakuwa wakubwa kuliko nafasi wanazoigiza. Stranger Things ilianza 2016 ikiwa na watoto wanaoendesha baiskeli. Msimu wake wa tano na wa mwisho ulitoka 2025, watoto wale wakiwa watu wazima wenye mabega, bado wanajifanya wanafunzi wa sekondari. Na huo msimu wa mwisho haukuja wote kwa pamoja. Ulikatwa vipande vitatu kati ya mwishoni mwa Novemba na mkesha wa mwaka mpya, kama kwamba miaka tisa haikutosha kuagana.

Kwa wanamuziki wakongwe nina moyo laini zaidi. Cher alifanya ziara ya kuwaaga mashabiki iliyoanza 2002 ikaisha 2005, ikiwa na maonyesho zaidi ya 300. Kumuaga mtu mara 300 ni kazi kuliko kuishi naye. Mwaka 2014 alirudi na ziara nyingine, na wote tukajifanya hatukumbuki. Kundi la Kiss liliaga mwaka 2000, likaaga upya kuanzia 2019, na katika onyesho la mwisho kabisa mjini New York, Desemba 2023, mwishoni mwa onyesho wakatambulisha sanamu zao za kidijitali zitakazoendelea kupiga muziki badala yao. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza watu kuaga kwa kutangaza kwamba hawaondoki. Cher nimemsamehe kwa sababu moja tu: anarudi yeye mwenyewe, na sauti yake mwenyewe, na ukimchoka unazima. Hatumi barua pepe.

Barua pepe. Hapo ndipo utani unapoanza kupungua.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wahenga hawakuwahi kujiunga na jaribio la bure la siku 30. Asiyetaka uondoke naye hakwambii kaa; anahamisha mlango. Kuingia ni kitufe kikubwa chenye rangi ya kuvutia, unakigonga ukiwa umelala chali. Kutoka kunahitaji ukae wima. Kitufe kipo, lakini kimeandikwa kwa rangi ya kijivu juu ya kijivu kingine, chini ya "Mipangilio", ndani ya "Akaunti", nyuma ya "Mengineyo". Ukikipata unaulizwa una uhakika. Ukisema ndiyo, unaonyeshwa picha ya mnyama mwenye macho ya majonzi. Unaulizwa sababu, na katika orodha ya sababu haimo ile ya kweli, kwamba nimetaka tu. Kisha vinakuja vitufe viwili, kimoja kinasema "Nabaki" na kingine kimeandikwa kwa namna ya kukudhalilisha, kitu kama "Hapana, napenda kulipa zaidi". Yaani ili niondoke lazima kwanza nitie saini kwamba mimi ni mjinga.

Mtu asidhani natia chumvi. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kuhusu uanachama wa Prime. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, mtu aliyetaka kujitoa alipaswa kupita kurasa nne, mibofyo sita na machaguo 15, ilhali kujiunga kulihitaji mbofyo mmoja au miwili. Na ndani ya kampuni utaratibu huo wa kujitoa ulikuwa na jina lake: Iliad, yaani ule utenzi mrefu wa Homer kuhusu vita vya Troya. Nimelifikiria jina hilo kuliko inavyostahili. Maana yake ni kwamba ofisini palikuwa na mtu aliyesoma fasihi, akautazama mlango wa kutokea waliokuwa wanaujenga, akakumbuka mashairi ya kale kuhusu vita visivyokwisha, na badala ya kuona haya akaona ni jina zuri. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi hiyo, bila kukiri kosa. Bilioni 1.5 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja. Ni wachache duniani waliowahi kulipwa kwa kushindwa kupata mlango.

Jambo linalonichekesha zaidi katika ukoo huu wa ving'ang'anizi ni kwamba waliovizaa huwa wanaomba radhi. Aza Raskin ndiye aliyebuni, mwaka 2006, ule ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kila ukisogeza kidole. Baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Loren Brichter, aliyetuletea kitendo cha kuvuta skrini chini ili kuona kama kuna kipya, naye amezungumza kwa masikitiko kuhusu namna kilivyowanasa watu. Ethan Zuckerman, mmoja wa walioandika programu ya kwanza ya tangazo linalofungua dirisha lake lenyewe, aliomba msamaha mwaka 2014 katika jarida la The Atlantic. Alieleza kwamba katika miaka ya 1990 mtangazaji mmoja alichukia kuona tangazo lake kwenye ukurasa wenye mambo ya aibu, wao wakatafuta njia ya kulitenganisha na ukurasa, na njia ikawa dirisha jipya. Tatizo la mtu mmoja mwenye haya likawa kero ya dunia nzima.

Radhi zao nazipokea, kwa moyo mweupe kabisa. Ila ukijaribu kuzisoma mtandaoni, mara nyingi dirisha litachomoza katikati ya radhi likiomba anwani yako.

Msamaha wa mbunifu haubadilishi kitu kwa sababu mbunifu alishaondoka. Yeye alipata mlango. Waliobaki ni wenye kuhesabu dakika, na hao hawajuti kwa kuwa hakuna siku waliyokaa wakaamua kuwaudhi watu. Waliangalia jedwali. Kitufe kikiwa cha kijivu, wanaotoka wanapungua kidogo. Wimbo ukianzia kwenye kiitikio, wanaoruka wanapungua kidogo. Kila "kidogo" kinaonekana hakina hatia. Jedwali haliwezi kutofautisha aliyebaki kwa kupenda na aliyebaki kwa kuchoka kutafuta njia, wote wawili ni tarakimu moja. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai burudani imeharibika kwa sababu sisi watazamaji tumekuwa wapumbavu. Kinachopimwa ni kubaki, na kubaki si kupenda.

Ni kweli hata hivyo kwamba sisi nasi si malaika. Mei 2018 kituo cha televisheni cha Fox kilipoifuta tamthilia ya vichekesho ya Brooklyn Nine-Nine, mashabiki walipiga kelele mtandaoni kiasi kwamba siku iliyofuata kituo kingine, NBC, kikaichukua. Tunataka vitu viishe kwa heshima, isipokuwa tunavyovipenda. Hivyo vikijaribu kuaga tunashika mguu. Nimewahi kumuona mtu mzima, mwenye kazi na kodi ya kulipa, akiandika aya nne kumlilia mwandishi wa tamthilia asimalize msimu wa tatu, kisha msimu wa nne ulipotoka akalalamika kwamba wamepungukiwa na mawazo. (Alikuwa rafiki yangu. Bado ni rafiki yangu. Na msimu wa nne kweli ulikuwa mbaya.)

Lakini kuna ushahidi kwamba kitu kinachokuruhusu uende kinaweza kupendwa. Josh Wardle, mhandisi wa programu, alitengeneza mchezo mdogo wa kubahatisha maneno kwa ajili ya mwenzi wake aliyependa michezo ya aina hiyo. Aliuita Wordle, akauweka wazi kwa watu wote Oktoba 2021. Fumbo moja kwa siku. Hakuna matangazo, hakuna arifa, hakuna bundi. Ukimaliza, mchezo ulikuonyesha saa zilizobaki hadi kesho, yaani ulikufukuza, tena kwa upole. Novemba mosi waliocheza walikuwa watu 90. Miezi miwili baadaye walizidi 300,000. Januari 2022 gazeti la The New York Times likaununua, na leo ukimaliza fumbo lako unaonyeshwa, bila kuulizwa, michezo mingine ya nyumba hiyo hiyo ambayo ungeweza kuendelea nayo. Sishangai. Kitu pekee kilichokuwa hakijui kung'ang'ania kilipelekwa shule.

Ninachokiogopa sasa ni kwamba ugonjwa umeshahamia kwa watu. Tazama mazungumzo ya kuandikiana. Yameisha, kila kitu kimeeleweka, tutaonana Jumamosi. Mmoja anaandika "sawa". Mwingine "poa". Wa kwanza, asije akaonekana amekata, anaandika "haya". Kinakuja kidole gumba. Kidole gumba hakiwezi kuachwa peke yake, kwa hiyo unajibu kwa tabasamu, na tabasamu linazaa mikono miwili iliyokutanishwa, ambayo hakuna anayejua ni dua au ni shukrani. Hakuna aliyebaki kwa mapenzi hapo. Wawili wote wamekwama mlangoni, kila mmoja akimsubiri mwenzake awe wa mwisho.

Na makundi ya WhatsApp ndiyo kabisa. Kundi la kupanga sherehe ya kuzaliwa ya mtu linaundwa kwa wiki mbili za dharura, sherehe inapita, mwenye kuzaliwa anatimiza mwaka mwingine na mwingine, na kundi bado lipo, likipokea salamu za asubuhi zenye maua. Kwa miaka mingi kujitoa kulikuwa tendo la kisiasa, kwa sababu wote walisomewa jina lako kwamba umetoka, na kabla ya saa sita mchana watu watatu walikuwa wamekupigia kuuliza nani amekuudhi. Agosti 2022 WhatsApp ilitangaza kwamba sasa mtu anaweza kujitoa kimya kimya na watakaoarifiwa ni admini tu. Niliipokea habari hiyo kama mfungwa anayesomewa msamaha. Nikafungua lile kundi la sherehe nianze nalo, nikaangalia orodha ya wanachama. Siku za maandalizi, ili kazi iende haraka, tulikuwa tumemfanya kila mtu kuwa admini.